Marhamu kwa Kijiti cha Salme

Jumatatu, 3 Septemba 1962
Nimeamka na chokea jicho la kulia. Kubwa kama punje ya mtama! Katika siku zote za mwaka, naugua jicho juma la arobaini ya mke wangu Salme.

Asubuhi alikuja Hadi, kaka wa marehemu, kupanga hitima ya Jumapili. Akanitazama jicho. Akasema basi Yasini ataisoma yeye, mimi nipumzike. Kwa upole kabisa. Upole wa mtu anayekuvua kanzu yako!

Nilimwahidi Salme nitamsomea mimi, kwa msahafu wake. Kila Alhamisi jioni yeye alishona kofia, mimi nikasoma, naye akaniambia, "Taratibu, sina haraka." Hadi husoma kama mtu anayekimbilia feri.

Alawiya, mdogo wake Salme, kaniletea mkate wa mofa. Kaniuliza, "Shemeji, umechungulia bafu la nani?" Hapa Likoni chokea ni adhabu ya wachunguliaji, hata watoto wanajua. Nimeapa wallahi sijachungulia. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumanne, 4 Septemba
Dispensari. Nesi Philister, mtu wa bara, mkali, mikono safi. Kanipa marhamu ya macho, tyubu ndogo kama kidole cha mtoto. Nioshe mikono, nivute ukope wa chini, nipake mstari mwembamba ndani, mara tatu kwa siku. Nikande kwa kitambaa cha maji moto. Nisiminye. Ncha ya tyubu isiguse jicho.

Nilimuuliza, nikipaka mara tisa, je, nitapona upesi mara tatu? Akasema hapana, mzee, utaona mafuta tu. Sikumwamini.

Nyumbani nikawaza. Tyubu isiguse jicho. Basi marhamu ipakwe kwa kitu gani? Nikakumbuka kijiti cha wanja cha Salme. Kimo kichupani, kama mkono wake ulivyokiacha. Chembamba, laini, kimezoea macho. Nesi hakukitaja kwa kuwa hana kama hiki.

Sikukiosha. Ingekuwa kumfuta.

Jumatano, 5 Septemba
Mara tisa. Dunia yote imepakwa samli. Nilimpa salamu mbuzi wa jirani yangu Mwinyihaji. Hakuitika. Niliudhika mpaka alipogeuka.

Ijumaa, 7 Septemba
Jicho limevimba zaidi. Sasa ni jeusi pande zote.

Barazani kwa Mwinyihaji walikuwa wakigombania kama Mwambao uwe na serikali yake. Nilipopita wakaacha Mwambao, wakagombania jicho langu. Mwinyihaji akasema tazameni, mgane kapaka wanja, hata arobaini haijatimia! Anatafuta mke!

Habari ilimfikia Hadi kabla sijavua viatu. Alikuja anafoka, ataka kujua mwanamke ni nani. Nikamwambia wanja ni wa Salme mwenyewe. Akasema lo, hata wanja wa marehemu! Ikawa mbaya zaidi.

Jumamosi, 8 Septemba
Nimepata njia! Nimeuficha msahafu wa Salme kabatini, chini ya kanga zake. Bila msahafu hapana Yasini, bila Yasini hapana hitima. Itaahirishwa mpaka nipone. Nimejipongeza kwa chai.

Jumapili, 9 Septemba
Watu wengi. Pilau ya Alawiya nzuri. Ulipofika wakati, nikatangaza kwa huzuni kwamba msahafu wa marehemu hauonekani.

Hadi akasema si kitu. Akafumba macho, akaisoma kwa moyo.

Hilo sikulifikiria!

Ilikwisha kabla kahawa haijapoa. Salme, asiye na haraka. Machozi yalinitoka jicho moja, la pili limefungika kabisa. Nikamsikia mtu akinong'ona kwamba namlilia mke wangu nusu.

Jumatatu, 10 Septemba
Alawiya kanikokota kwa nesi. Nesi akauliza napaka kwa kitu gani. Nikamwonyesha kijiti, kwa fahari. Akakishika kwa pamba kama mkia wa panya. Akasema, wewe mzee, unachota ugonjwa kwa hiki, halafu unaurudisha jichoni mara tisa kwa siku! Tupa!

Alawiya akamnong'oneza kilikuwa cha nani. Nesi akakifunga kwa karatasi, akanirudishia. Akasema kitunze, mzee, lakini si jichoni. Nikaahidi. Kanipa tyubu mpya.

Jumatatu, 17 Septemba
Jicho la kulia limepona. Siku saba, mara tatu, kidole safi. Marhamu nzuri, sikatai, ingawa naona kijiti ndicho kilichoanza kazi.

Na Hadi kalainika! Alawiya kamwambia yote. Kasema Alhamisi hii twende kaburini, nisome mimi, kwa msahafu wake, taratibu nitakavyo.

Jicho la kushoto linawasha kidogo. Si kitu. Siku ni tatu, tyubu ina nusu, na kijiti kimepumzika juma zima. Leo nimeanza na mara kumi.