Mazoezi kwa Niaba

Natangaza kwa fahari, nikiwa Katibu wa Kamati ya Ukakamavu, kwamba idara yetu ni ya kwanza kufanya mazoezi makali kwa kufuata taratibu zote za kiofisi.

Waraka niliuandika mwenyewe. Kila mtumishi mwenye afya njema, kwa wiki nane, achuchumae na kusimama, abebe gunia la mchanga, aruke sanduku na kupanda ngazi mbio, bila kupumzika hadi filimbi ilie. Atakayeshindwa kipimo cha mwisho atastaafishwa kwa manufaa ya umma. Kusema kweli tulimlenga mama tarishi, mwenye miaka hamsini na sita, anayepandisha mafaili ghorofa ya tano kwa miguu kwa kuwa lifti ni ya wakubwa. Nafasi yake ilikwishaahidiwa mpwa wa Mkurugenzi. Alijua. Alinijia macho mekundu, akasema ana wajukuu watatu wanaomtegemea. Nikamwambia ajikaze kisabuni, utaratibu ni utaratibu.

Siku ya kwanza Mkurugenzi alikuwa na kikao, akaagiza tarishi amfanyie mazoezi kwa niaba. Mbona barua tunasainiana kwa niaba? Hoja ilikuwa nzito, kamati ikaipitisha. Naibu naye akapata kikao. Mimi nikapata mafua. Ikawa mama wa watu anaruka sanduku zamu ya Mkurugenzi, ya Naibu, yangu, kisha yake. Wiki ya kwanza alitapika. Ya tatu akaacha kuhema. Ya sita alipanda ngazi na gunia begani huku akipiga umbea na mfagizi. Mahudhurio ya wakubwa yalikuwa asilimia mia, niliyajaza mwenyewe.

Kisha makao makuu wakaleta daktari wa kupima, mtu asiyejua taratibu. Tukamweleza kwamba kipimo nacho ni kwa niaba.

"Na moyo nimpime nani?" akauliza.

Mkurugenzi alibeba gunia hatua nne, akalikalia. Naibu alilitazama tu. Mimi nilifika ghorofa ya kwanza, na hilo liingie kwenye kumbukumbu. Tarishi alimaliza yote, akauliza kama kuna lingine.

Leo asubuhi barua za kustaafishwa zimefika. Kaleta yeye, kwa ngazi, wala hahemi. Nikamwomba anisainie kupokea, kama tulivyozoea.

"Hii utasaini mwenyewe, mzee," akasema, akanifungulia daftari.

Nikasaini. Saini ilipinda kidogo. Nadhani ni lile gunia.