Masaa Kumi na Moja, Nyaramba Hadi Guangzhou

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, ambaye hajafika kwa sababu ya barabara; wawakilishi wa wageni wengine ambao pia hawajafika; wazee wa kanisa mlioacha kuchuma chai; wafanyabiashara wa Nyakoe na Kisii mjini; na ninyi mliofuata soda, nawasalimu kwa Kigusii: bwakire! (Bwakire buya! Soda iko wapi?)

Mimi, Manasseh Nyamongo, Mkurugenzi Mkuu wa Kamati Maalum ya Uanzishwaji wa Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Nyaramba, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wamenisifia, baada ya kufanya benchmarking katika viwanja tisa vya ng'ambo, nikalala katika hoteli zao na kula kwa uchungu nikiwafikiria ninyi, ili niwatangazie kwamba kulingana na feasibility study, kutoka hapa hadi Guangzhou, China, ni kilomita elfu nane mia nane na tatu nukta nne, na ndege itazikata kwa masaa kumi na moja tu. (Makofi. Sauti: "Na hapa hadi Kisii mvua ikinyesha?") Hilo si swali la anga.

Tumezingatia pia imani. Ndege itaruka Ijumaa saa moja asubuhi na kutua saa kumi na mbili jioni, kabla jua halijazama, ili Msabato asianzie hewani Sabato yake, inayoingia Ijumaa jua likizama. (Amina!) Ndiyo, Mzee Angwenyi wa kanisa?

(Mzee Angwenyi: "Mkurugenzi, jua linatoka upande huo wa China. Si huko ndiko litakakozama kwanza?" Abdiaziz, muuza viatu wa Kisii mjini: "Kweli kabisa! Nikimpigia mtu wangu wa Guangzhou saa nane mchana, yeye ashawasha taa!")

Ndugu Abdiaziz, hizo ni taa za kwao. Rubani ataagizwa asiguse saa yake, na Sabato itafuata saa ya Nyaramba. (Kicheko kirefu. Mzee Angwenyi anavaa kofia yake.)

Naona Mama Bonareri amesimama tena. (Mama Bonareri: "Uliniambia ning'oe chai kabla ya Pasaka, eti ndege inakuja. Chai aliyopanda marehemu mume wangu kwa mikono yake. Nimeng'oa yote. Ndege iko wapi?")

Mama, wewe ni stakeholder namba moja. Uchungu wako tumeuweka kwenye ripoti, ukurasa wa arobaini, ndani ya jedwali. (Mama Bonareri haketi.) Nyaramba juu! (Sauti chache: Juu.) Ndege juu! (Wote wanaangalia juu. Hakuna kitu.)

Kwa kumalizia, shukrani. Namshukuru karani wangu Lavender, ambaye alipokosa Nyaramba katika orodha zote za viwanja duniani, alifuta jina la Nairobi penye zile kilomita za Guangzhou kwa wino mweupe akaandika letu, kazi safi hata huwezi kujua. Nawashukuru Wachina, ambao hawajaombwa lolote na kwa hivyo hawajatukatalia. Namshukuru mwenye hema hili, anayelitaka kabla ya saa kumi. Zaidi ya wote namshukuru Mama Bonareri, ambaye shamba lake, ingawa halimo katika ramani yetu kwa kuwa ramani bado haijachorwa, ndilo kitu pekee cha mradi huu kinachoonekana kwa macho.

Ila mama, nimeona umepanda mahindi pale. Yang'oe. Ndege haiwezi kutua kwenye mahindi.