Bourbon ya Siku Tisa

Kibaha nzima, kuanzia Maili Moja mpaka Sofu, hapakuwa na mtu aliyeijua bourbon kumzidi Didas. Wamarekani wenyewe wangefika, wangekaa chini na madaftari! Tatizo lilikuwa moja tu, dogo, ambalo Didas hakuona sababu ya kulitangaza: hakuwa ameionja hata tone.

Na si bourbon peke yake. Pombe yoyote ilikuwa haipatani naye. Glasi moja ya bia, Didas anaanza kumwaga siri zake zote. Glasi ya pili, analala na viatu. Lakini aliwahi kuwa mhudumu wa kaunta katika hoteli moja ya Dar kwa miezi kumi na moja, na huko alihudhuria semina ya siku mbili, yenye chai na sambusa, kuhusu wiski za dunia. Akarudi Sofu na kijitabu cha semina, fulana yenye nembo, na sauti mpya.

"Kila bourbon ni wiski, ila si kila wiski ni bourbon!" alitangaza kwenye grosari ya Mama Kristina, mkononi ameshika soda ya tangawizi. "Waskoti wanasifika kwa shayiri, tena wanailaza wiski yao kwenye mapipa yaliyokwisha kutumika. Bourbon ni mahindi! Zaidi ya nusu lazima iwe mahindi, sheria ya Marekani inasema. Na pipa lake ni jipya, la mti wa mwaloni, limeunguzwa ndani kwa moto mpaka likawa jeusi. Humo ndimo inapopata rangi na utamu wake."

"Kumbe hawatii sukari?" aliuliza Mama Kristina.

"Sukari! Mama, unataka wakamatwe? Haitiwi sukari, haitiwi rangi, haitiwi kitu chochote isipokuwa maji!"

"Na wewe kwa siku unakunywa glasi ngapi?"

"Mtaalamu hanywi, Mama. Mtaalamu ananusa."

Watu walicheka mpaka viti vikayumba, wakampa jina la Profesa. Walidhani wanamtania. Yeye alilipokea kama mtu aliyecheleweshewa cheti.

Sasa Profesa alitaka kuoa. Mchumba wake, Herieth, alikuwa mwalimu wa chekechea palepale Sofu, ila kwao ni Chole, kule Kisarawe. Baba yake alikwishafariki, na mwenye kauli ya mwisho katika posa alikuwa kaka wa mama yake, Mjomba Yona: mkulima wa mahindi na korosho, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache na kumbukumbu ndefu.

"Mjomba umaskini anausamehe," Herieth alimwonya Didas kabla ya safari ya kwanza. "Uongo hausamehe kabisa. Ukifika, salimia, kaa, nyamaza."

Didas alifanya mawili ya kwanza.

Alimkuta Mjomba Yona anapukuchua mahindi barazani. "Shikamoo, Mjomba." "Marahaba, kijana. Kaa." Akakaa. Akayatazama mahindi. Mdomo ukaanza kumwasha. Akajitahidi, jamani, tuseme ukweli, alijitahidi karibu dakika nne!

"Mjomba, haya mahindi Marekani ni mali ya mabwanyenye."

"Wanakula ugali?"

"Wanakunywa!" Na hapo likafunguka bomba. Akaeleza jinsi mahindi yanavyosagwa na kupikwa uji, yakatiwa shayiri iliyochipushwa, yakatiwa hamira, yakaachwa yachachuke siku kadhaa, kisha yakachemshwa na mvuke wake ukapoozwa mpaka ukatoka maji makali, meupe.

Mjomba Yona aliacha kupukuchua. "Uji, mchachuko, moto, mvuke, bomba."

"Ndiyo, Mjomba."

"Hiyo mbona huku polisi wanaikamata?"

"Hapana, Mjomba! Gongo haina pipa. Tofauti yote iko kwenye pipa na subira! Joto likija, kinywaji kinaingia ndani ya ubao. Baridi ikija, kinatoka na utamu wake. Miaka na miaka. Na kila mwaka kiasi fulani kinapotea hewani, wenyewe wanakiita fungu la malaika."

Mzee alilitafakari neno hilo. Lilimpendeza. Akasema kwamba kwa desturi mjomba ana kilemba chake katika mahari, na siku hizi watu wanakileta kama bahasha. Yeye bahasha hataki. "Niletee chupa moja ya hiyo bourbon. Nataka nijue wenzetu mahindi wanayafanyaje. Hicho ndicho kilemba changu."

"Nitakuletea ya miaka kumi na miwili!" alisema Didas. Hakuna aliyemwomba miaka.

Dar alikwenda siku ya pili yake. Alipoiona bei ya chupa ya miaka kumi na miwili, akauliza ya miaka minane. Akauliza ya minne. Akauliza kama wanauza nusu chupa. Muuzaji akamuuliza kama anajisikia vizuri.

Angeweza kurudi Chole na kusema, "Mjomba, nilijisahau, sina uwezo huo." Herieth alikwishamwambia kwamba umaskini unasameheka. Lakini mtu akishaitwa Profesa, sentensi hiyo inamkwama kooni. Badala yake alimfuata rafiki yake wa hotelini, akapewa chupa tupu ya bourbon, nzuri, yenye lebo safi na kizibo chake. Akanunua kinywaji kikali cheupe cha dukani, cha bei poa. Kilichobaki ni rangi.

Na hapa ndipo msomaji amheshimu kidogo Didas. Mtu mwingine angetia majani ya chai au sukari ya kuunguza, akamaliza kazi. Yeye alikataa katakata! Bourbon haitiwi rangi. Kughushi angeghushi, lakini kwa kufuata sheria.

Akaenda kwa Yahya, fundi seremala jirani yake, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wake.

"Nataka mwaloni."

"Huo nimeusikia kwenye Biblia yenu," alisema Yahya. "Hapa nina mninga wa kitanda cha watu, na yale mabaki pale pembeni."

Didas aliinama kwenye mabaki akagonga hiki, akanusa kile, mpaka akapata kipande chekundu cha kupendeza, gome bado limeshikilia upande mmoja.

"Didas, hicho ni cha kabati la mtu anayesumbuliwa na mchwa. Mti wenyewe ni..."

"Yahya, mimi nimesomea mapipa."

"Sawa, ila ujue mti huo..."

"Mgumu?"

"Mgumu."

"Umeshatumika?"

"Bado."

"Basi huo ni mpya! Mengine niachie mimi."

Yahya akaendelea kupiga randa. Mtu aliyesomea mapipa utamwambia nini?

Didas alipasua kipande kile vijiti vijiti, akavibanika kwenye jiko la mkaa mpaka vikapasukapasuka kama ngozi ya mamba, sawasawa na picha ya kijitabu. Akavitumbukiza kwenye kinywaji, akakiweka juu ya bati. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: jua la Kibaha mchana ni kiangazi, usiku ni kipupwe, kwa hiyo kila siku ni mwaka mmoja na kidogo. Siku ya tisa kinywaji kilikuwa na rangi ya asali na kimepungua vidole viwili.

"Malaika wamechukua fungu lao!" alishangilia. Kwa kuwa mtaalamu hanywi, hakuonja. Alinusa tu, na pua yake, iliyokuwa na mafua wiki hiyo, haikuwa na pingamizi.

Ikafika siku ya posa.

"Muoaji hakai kwenye kikao cha posa," Yahya alimkumbusha. "Desturi ni mshenga aseme, wewe usubiri nyumbani."

"Na bourbon ataielezea nani? Wewe?"

Wakaenda wote wawili. Mkekani walikuwapo Mjomba Yona, wazee wawili wa ukoo, na Bibi Efrazia, mama yake Mjomba, ambaye macho yalikwishapungua nguvu ila vingine vyote vilikuwa kazini. Herieth alikuwa chumbani nyuma ya pazia, pazia lenyewe likisikiliza.

Yahya aliomba kwa adabu, akatoa barua ya posa kwenye kitambaa, akasukuma mbele chupa. "Na hiki ni kilemba cha mjomba." Kazi ilikuwa imekwisha. Zilibaki dakika tano watu waletewe pilau!

"Naomba nifafanue," alisema Didas.

Yahya alifumba macho.

Didas akafafanua. Mahindi, pipa jipya, moto, malaika. Wazee walisikiliza vizuri, na Mjomba Yona akauliza kama mwanafunzi mwenye bidii.

"Pipa likishatumika mara moja, je?"

"Haliwekwi bourbon tena, Mjomba! Linauzwa kwa Waskoti na wengine."

"Na subira yenyewe ina kipimo?"

"Ili iitwe bourbon iliyonyooka, kama wenyewe wanavyosema, miaka miwili, haipungui! Ikitoka mtamboni ni nyeupe na kali, haifai kupewa mtu mwenye heshima. Hakuna njia ya mkato. Anayekata njia ni tapeli!"

"Tapeli," alirudia Mjomba Yona taratibu, kama analiandika.

Akamimina kidogo, akanywa. Uso haukusogea. Akaipeleka glasi kwa mama yake. Bibi Efrazia alionja kwa ncha ya ulimi, akatikisa kichwa kwa furaha ya mtu aliyekutana na shoga yake wa zamani.

"Mwarobaini!"

Akaonja tena kuhakikisha.

"Mwarobaini huu, tena na gome lake. Herieth nimemnywesha huu tangu mdogo, kila akishikwa na homa."

Mjomba Yona alimgeukia Didas. "Kumbe Marekani nako wana malaria?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, umefunguliwa na mzee mwenyewe. Angecheka, angeomba radhi, yangeisha. Lakini Profesa alikwishavaa fulana ya nembo.

"Mjomba, huo ni ukali wa mwaloni. Ulimi usiozoea unaweza kudanganyika."

Nyuma ya pazia mtu alipiga kofi paji lake la uso.

"Basi mtaalamu atuoneshe," alisema Mjomba Yona, akamjazia glasi mpaka juu.

Didas alitazama glasi. Glasi ikamtazama. Akaizungusha kama kwenye semina, akainusa, akainywa yote! Jicho moja lilijifunga lenyewe. Machozi yakaanza safari.

"Naona... vanila," alisema kwa sauti ya mtu aliyefunikwa gunia. "Na karameli. Kwa mbali."

"Kwa mbali wapi?" aliuliza Bibi Efrazia.

Lakini kinywaji kilikuwa kimeshafika kichwani. Dakika tano hazikupita, Didas akawa na rangi nzuri, tabasamu pana, na hamu kubwa ya kusema ukweli.

"Siku tisa!" alitangaza, ameinua vidole kumi. "Juu ya bati! Miaka kumi na miwili gani, Mjomba? Siku tisa! Chupa nimepewa tupu na mtu wa hotelini, lebo nimeifuta kwa mate. Lakini rangi sikutia! Mwulize Yahya! Mimi rangi sitii! Na bourbon yenyewe sijawahi kuionja, hii ndiyo mara ya kwanza, na hii siyo!"

Kisha akaegemea bega la mshenga wake, akalala na viatu.

Alipozinduka jua lilikuwa limeinama, na wazee walikuwa bado wamekaa palepale. Kichwa kilimgonga, ila kila neno alilolisema alilikumbuka. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka mpaka magotini. Herieth alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Mjomba, nisamehe," alisema Didas. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza siku hiyo yasiyo na pipa ndani yake.

"Nimekusamehe. Na sikukatai," alisema Mjomba Yona. "Ila umetufundisha vizuri, na sisi tumeelewa. Kitu kikitoka mtamboni ni kikali, hakifai kupewa mtu mwenye heshima. Wewe ukweli umeanza kuusema leo. Umetoka mtamboni mchana huu. Utakuja kila msimu kulima hapa kwangu, kupalilia na kuvuna, na mdomo upumzike. Ukishanyooka tutazungumza mahari."

"Msimu mmoja, Mjomba?"

"Miaka miwili, haipungui. Hakuna njia ya mkato. Anayekata njia ni nani vile?"

Didas alitaja jina lake jipya kwa sauti ndogo.

Chupa haikurudishwa. Bibi Efrazia aliikumbatia akasema kuku wake wana utitiri. Baada ya wiki mbili ikafika salamu Sofu kwamba kuku wamepona wote, na Bibi anauliza nyingine itaiva lini. Hao ndio wateja pekee walioridhika na kazi ya Profesa.

Didas akaanza kwenda Chole na jembe. Msimu wa kwanza alipalilia bila kusema neno, na Mjomba Yona aliripoti kwamba rangi imeanza kuja. Didas alifarijika. Jioni hiyo Herieth, ambaye kila mwisho wa wiki alirudi kwao, alimletea maji shambani.

"Miezi mitano tayari," Didas alimwambia kwa matumaini. "Bado kumi na tisa tu. Subira ndiyo siri yote, Herieth. Wewe na mimi tunasubiri pamoja."

"Tunasubiri," alisema Herieth. "Ila kuna mwalimu mmoja kutoka Kurui amehamia kwaya yetu ya hapa. Kila Jumapili ananisindikiza mpaka stendi. Hasemi sana, ananibebea mkoba tu."

Jembe lilisimama. "Anakusindikiza kama nani?"

"Didas, si ulitufundisha mwenyewe?" Herieth alichukua kikombe chake kitupu. "Kila mwaka kuna kiasi wanachukua malaika."