Sare Niliyoipanga Awendo

Alhamisi, 1 Agosti 1996

Nimekuwa refa. Naandika tena ili niamini mwenyewe: nimekuwa refa.

Ilikuwa hivi. Fainali ya kombe ni Jumapili tarehe kumi na moja, hapa hapa Awendo. Miwa Stars, timu yetu, na Mpakani, timu ya Isebania. Zawadi ni kombe pamoja na fahali aliyetolewa na Bwana Kerosi, mwenye duka la saruji na mabati, anayetaka kura mwakani. Refa alikuwa atoke Homa Bay. Asubuhi ikaja habari kwamba malaria imemlaza. Mwalimu Maxwell, katibu wa kamati, akasema atashika filimbi yeye. Wajumbe wa Isebania wakakataa. Wakasema Maxwell ni wa Awendo mpaka kwenye kucha.

Kamati ilikuwa imekaa kwenye kibanda changu cha kinyozi. Nilikuwa nanyoa kichwa cha Maxwell huyo huyo. Nikazima mashine. Nikasema mimi nimezaliwa Awendo lakini mke wangu Phanice ni wa Isebania, kwa hiyo nusu yangu iko huku na nusu iko kule. Nikaongeza kwamba nilipoishi Homa Bay sikukosa uwanjani hata wiki moja.

Hilo ni kweli. Nilikuwa nauza njugu.

Maxwell akauliza, akiwa ameinamisha shingo, kama nimewahi kuchezesha mechi hata moja. Nikasema mechi za Homa Bay hazihesabiki. Hilo nalo ni kweli. Nikawasha mashine. Mtu aliyenyolewa upande mmoja habishani sana.

Wakapiga kura kwa mikono. Nikapita. Kisha wakakumbushana agizo la D.O., mkuu wa tarafa: fainali ya mwaka jana iliisha kwa mawe. Ikitokea vurugu tena, uwanja utafungwa miaka miwili na kombe litakufa. Wakanitazama wote. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezoea.

Ijumaa, 2 Agosti

Maxwell ameniletea kitabu chake cha sheria za mpira na filimbi yake. Alitabasamu. Sikupenda tabasamu lile. Kurasa za ofsaidi zimechanwa.

Sijui ofsaidi. Nimeishi miaka thelathini na nne nikipiga kelele "ofsaidi" pamoja na wengine, lakini sijui ni nini hasa. Nikaamua kuwauliza wateja bila wao kujua kwamba ninauliza. Dereva wa trekta la miwa alisema ni kwenda mbele bila ruhusa. Mwingine alisema ni kosa la golikipa. Aliyeeleza vizuri ni Benta, anayeleta omena kutoka kisiwa cha Remba. Alipanga omena kwenye meza yangu, kumi huku, kumi huku. Akasema huyu hapa amewapita wapinzani wote na anangoja nyuma ya nyumba ya watu kabla mpira haujaja. Huyo umpigie filimbi.

Niliona mwanga. Lakini Benta ni muuza samaki. Nitatafuta mtu anayejua.

Jumapili, 4 Agosti

Matatizo. Phanice amepata habari kwamba baba yake, Mzee Nchagwa, atakuja kuangalia fainali. Golikipa wa Mpakani ni Cliff, mdogo wake Phanice. Mzee hajawahi kuniambia neno zaidi ya salamu tangu nioe. Aliwahi kumwambia Phanice kwamba mwanamume anayeshika vichwa vya watu siku nzima hana cha kwake cha kufikiria.

Mpakani wakishindwa, nitakuwa mkwe aliyemnyang'anya mzee fahali. Wakishinda, nitaishi Awendo bila mteja.

Nimefikiri tangu ibada ianze mpaka pasta amalize. Njia ni moja. Mechi lazima iishe sare. Moja kwa moja. Hakuna mshindi, hakuna wa kulia, na refa anakwenda nyumbani kwa miguu yake mwenyewe.

Nikamdokezea Phanice, kwa siri, kwamba Jumapili ninachotaka ni sare tu. Akasema ameelewa.

Jumatatu, 5 Agosti

Hakuelewa. Amekata suruali yangu nyeusi, ile ya mazishi, ikawa kaptura. Ameshona na kola nyeupe kwenye shati jeusi. Anasema nilitaka sare, ndiyo hii. Imenikaa vizuri. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.

Jumanne, 6 Agosti

Dishon, kapteni wa Miwa Stars, alikuja kunyolewa. Nilimwambia sikioni kwamba Awendo haitalia Jumapili. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

Mchana nikapanda gari mpaka Isebania. Nilimkuta Cliff kwa wabadilisha pesa, upande wa kwenda Sirare, Tanzania. Nilimwambia naye sikioni kwamba Isebania haitalia. Akaniita shemeji mara tatu kwa dakika moja. Kawaida ananiita "wewe".

Sijadanganya mtu. Kwenye sare nani analia?

Alhamisi, 8 Agosti

Mazoezi. Nimekimbia kuzunguka shamba la miwa nikipuliza filimbi. Mbwa wanne walinifuata. Mzunguko wa pili niliutembea. Nimeamua refa mzuri hakimbii ovyo, anasimama katikati na kuona pande zote.

Maxwell alipita na baiskeli. Akaniuliza nitafanyaje mshambuliaji akiwa sambamba na beki. Nikamwambia swali hilo ni la wanaoanza.

Jumapili, 11 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba. Nitaeleza kwa utaratibu.

Uwanja ulijaa. Mistari ilichorwa kwa majivu. Fahali alifungwa upande wa kona na utepe shingoni. Bwana Kerosi alihutubia mpaka fahali akalala. Mzee Nchagwa alikaa kwenye kigoda chake nyuma ya goli la Cliff, fimbo magotini. Nilimwamkia, "Shikamoo, baba." Akanitazama kaptura.

Nikapuliza. Mpira ukaanza.

Dakika ya kumi Mpakani wakafunga. Goli safi, hata mimi nilitaka kupiga makofi. Sikuwa na wasiwasi, hilo lilikuwa kwenye mpango. Sasa lilibaki la Awendo. Nikangoja. Halikuja. Dakika ya thelathini bado. Miwa Stars walikuwa wanacheza kama watu waliobeba magunia. Dakika ya arobaini mpira ukampiga beki wa Mpakani kifuani. Nikapuliza. Nikasema mkono. Beki alinionyesha kifua chake, kilikuwa na alama ya duara la matope. Nikamwonyesha sehemu ya penalti.

Dishon akapiga. Ukaruka juu ya goli ukaingia kwenye miwa. Nimempa mtu goli mkononi, amelipeleka shambani.

Nikasema irudiwe. Cliff akaniuliza kwa nini. Nikasema sikuwa nimepuliza. Akasema nilipuliza, alisikia. Nikasema hiyo ilikuwa pumzi tu. Dishon akarudia, ikaingia. Moja kwa moja.

Mapumziko, Maxwell alikuja na daftari lake. Akasema penalti ile itakumbukwa. Nikamshukuru.

Kipindi cha pili kilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Kila timu ilipovuka katikati, nilipuliza. Ofsaidi. Ofsaidi ya huku, ofsaidi ya kule. Nilipuliza hata mrusho. Nilipuliza mtu akifunga kamba ya kiatu. Mpira haukusogea mita ishirini. Watu wakaanza kukaa chini. Wengine wakaenda kumwangalia fahali. Benta alikuwa kando ya uwanja na beseni lake. Akapaza sauti kwamba hivyo sivyo alivyonifundisha. Watu wakacheka uwanja mzima.

Dishon akanijia, amelowa jasho.

"Refa, sisi tutacheza saa ngapi?"

Nikamwambia avumilie, zimebaki dakika chache. Zilipokwisha nikapuliza mara tatu na kuinua mikono miwili. Moja kwa moja. Nilihisi wepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Nikaanza kutembea kuelekea nyumbani.

Maxwell akanishika kola. Akaniuliza ninakwenda wapi. Hii ni fainali, akasema. Sare inaamuliwa kwa penalti tano tano. Iko kwenye kitabu, ukurasa wa arobaini.

Ukurasa huo haukuwa umechanwa. Sikuufikia tu.

Basi penalti. Tulitumia goli lile alilokaa nyuma yake Mzee Nchagwa. Sitaeleza zote. Mpakani walimaliza zao tano, wakapata tatu. Miwa Stars wakapiga nne, wakapata tatu. Imebaki moja, ya Dishon. Akifunga, Awendo bingwa. Akikosa, tunaendelea. Nikasimama kwenye mstari wa goli, karibu kabisa na mlingoti, nikimwomba Mungu akose. Nilikuwa tayari kuendelea mpaka Krismasi.

Dishon akapiga chini, upande wa kulia. Cliff akaruka, akaudaka, akaanguka nao kifuani kwa kishindo. Vumbi likapanda. Watu wa Isebania wakashangilia. Watu wa Awendo wakapiga kelele kwamba umeingia. Vumbi lilipotulia nikaona.

Cliff alikuwa amelala ndani. Mstari wa majivu ulikuwa chini ya magoti yake. Mpira ulikuwa kifuani, hatua nzima nyuma ya mstari. Alikuwa amewapa watu mgongo. Nilidhani aliyeona ni mimi tu.

Akaniangalia kutoka chini. Akasema polepole, "Shemeji, haujaingia."

Nilijua la kufanya. Mpango ulikuwa wazi. Nilihitaji neno moja tu, na nyumba yangu ingekuwa na amani. Nikamwona Phanice upande wa pili, ameshika mdomo. Nikafungua mdomo wangu kusema haujaingia.

Nikasema, "Umeingia."

Sijui lilitoka wapi. Labda nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesema uongo kwa filimbi siku nzima na pumzi imekwisha. Mpira ulikuwa ndani. Ulikuwa pale, mweupe, ndani.

Cliff aliinuka akanisukuma. Nikaangukia mkono. Watu wa Isebania wakaingia uwanjani, wa Awendo nao wakaingia. Nikaona mtu anaokota jiwe. Nikamwona askari wa D.O. anasimama. Nikafikiria uwanja wenye kufuli, na watoto wanaopita nje wakiulizana ni nani alisababisha.

Ndipo Mzee Nchagwa alipopita kati ya milingoti. Hakukimbia. Alisimama juu ya mstari wa majivu, akauchapa kwa fimbo. Akasema kwa Kikuria, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote wasikie.

"Mimi nilikuwa nyuma ya hili goli. Mwanangu alianguka nao ndani. Mkwe wangu amesema kweli, na amesema mbele yangu, akijua mimi ni nani kwake. Anayetaka kupiga aanze na mimi."

Hakuna aliyeanza. Yule mwenye jiwe aliliweka chini taratibu, kama yai. Cliff alifunika uso kwa fulana. Mzee akamwambia kitu kwa Kikuria, chini chini, naye akaja akaniinua.

Dishon alipewa kombe na kamba ya fahali. Timu zote mbili zikashikana mikono. Askari akaketi.

Jumatatu, 12 Agosti

Mkono haukuvunjika. Umeteguka tu.

Mzee Nchagwa alilala kwetu. Asubuhi aliomba nimnyoe. Nikamwambia nina mkono mmoja. Akasema atangoja, ninyoe taratibu. Ilichukua saa nzima. Akaongea saa nzima, kuhusu ng'ombe, kuhusu mvua, kuhusu jinsi alivyokuwa kijana. Alipoinuka alimwambia Phanice, nikiwapo, kwamba miaka tisa hakujua alimpa binti yake nani, na jana amejua. Phanice aliingia jikoni haraka, akakaa huko kitambo.

Nikampangusa nywele mabegani.

Jumatano, 14 Agosti

Mji mzima unanisifu. Hata Maxwell alipita, akasema uamuzi ule wa mwisho hata yeye asingeuthubutu. Akataka filimbi yake.

Nimekaa nikatafakari siri ya mafanikio haya. Nimeiona. Ni maandalizi. Nisingezungumza na Dishon na Cliff mapema, wakatulia mioyo, mambo yangeharibika. Mtu anayejua kwamba hatalia huvumilia mengi.

Kamati ya soko nayo imeliona hilo. Leo mchana wamenijia. Jerusha wa nguo za mitumba na Liz wa viazi wanagombania kibanda kimoja, kile cha karibu na lango, tangu Aprili. Chifu ameshindwa. Wazee wameshindwa. Kamati inasema atakayeliweza jambo hili ni mtu asiyeogopa kusema kweli, nami nitatoa uamuzi Jumamosi mbele ya watu wote.

Nimekubali. Nimeanza kazi jioni hii hii. Nimekwenda kwa Jerusha, nikamwambia sikioni asiwe na wasiwasi, kibanda ni chake. Kisha nikapita kwa Liz, nikamwambia hivyo hivyo. Wamefurahi sana, wote wawili. Mmoja amenipa shati, mwingine amenifungia viazi.