Bila Shaka ya Mkurugenzi

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti, mbele ya wafanyakazi wote waliopangwa kwa vyeo, kwamba Ofisi ya Maji imeachana na ushamba wa kujibu watu moja kwa moja.

Mkurugenzi alikuwa ametoka kwenye kozi ya Kiingereza cha wakubwa, na huko alifunuliwa siri ya maendeleo. Msomi hasemi jambo litakuwa. Husema "may", yaani yaweza kuwa. Na msomi aliyeiva haridhiki na hilo; juu yake hutupia "possibly", labda, kama mtu avaaye koti juu ya koti, ili ukweli ukimrushia jiwe lisimfikie mwilini.

"Kuanzia leo," alisema, "uwezekano utatolewa kwa ngazi. Mapokezi watasema 'yaweza labda'. Makarani, 'yaweza pengine'. Mhandisi, 'yaweza kabisa'. 'Bila shaka' ni ya Mkurugenzi peke yake. Na kila mtu akiwa mbele ya mkubwa wake, atashuka ngazi moja. Ni adabu."

Makofi yakapigwa. Fundi wa mabomba akauliza kama na koki nazo zitafunguliwa kwa ngazi. Akaambiwa swali lake ni zuri sana, na kwamba hakuna koki itakayoguswa mpaka "bila shaka" itamkwe.

Mpokezi, binti mpole wa dirishani, aliuona utaratibu huo hauna neno, mpaka shangazi yake alipotokea. Shangazi alikuwa dobi, na siku hiyo alikuja na povu hadi viwikoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu, mengine baadaye. Maji yamekatika mtaa mzima, nami nimeloweka mashuka ya nyumba ya wageni kwenye dawa ya madoa. Yasiposuuzwa leo yatatoboka kama chujio, na kazi ndiyo kwaheri. Maji yanafunguliwa?"

Mpokezi alijua ukweli. Bomba lilikuwa limeshatengenezwa asubuhi. Fundi alikuwa nyuma yake pale, anasinzia na ufunguo wa koki kuu mapajani. Lakini mdomo una cheo chake.

"Yaweza labda, shangazi."

"Yaweza, au labda?"

"Yote mawili."

"Ala! Mgongo huu ndio uliokubeba. Uliponililia njaa nilikujibu yaweza labda utakula?"

Mpokezi aliona haya, akalipandisha swali ghorofani. Karani alisema yaweza pengine. Mhandisi alisema yaweza kabisa, tena kifua mbele. Mkurugenzi aliegemea kiti chake kikatoa mlio.

"'Bila shaka' si ya kutapanya, binti. Leo nampa dobi, kesho kinyozi naye ataitaka. Tutafika wapi?"

Shangazi alipopewa majibu hayo, akaketi kwenye benchi, povu linamdondoka sakafuni.

"Kitendawili!"

"Tega," Fundi akaitika, usingizi umemwisha.

"Ana makoti tele, mwili hana."

"Kitunguu."

"Kitunguu nacho kinaliza watu, lakini sicho."

"Basi nakupa mji."

"Nimeupokea. Ni jibu la ofisi yenu!"

Fundi alicheka mpaka ufunguo ukamwanguka. Mpokezi hakucheka, alikuwa anayawaza mashuka.

Hapo ndipo Waziri alipoingia bila taarifa, kwa haraka ya mtu mwenye haja, akapitiliza chooni. Mkurugenzi alipofika chini akihema, Mhandisi nyuma yake, mgeni ameshatoka, mikono juu, sabuni imemganda vidoleni.

"Ofisi ya Maji haina maji?"

"Yaweza kabisa, Mheshimiwa," Mkurugenzi akajibu.

"Mkurugenzi wa hapa ni nani?"

Mhandisi akashuka ngazi yake: "Yaweza pengine ni huyu."

Waziri akamgeukia mwenyewe. "Ni wewe?"

Mkurugenzi aliinamisha kichwa. "Mheshimiwa… yaweza kabisa kuwa ni mimi."

"Kwani hujui?"

"Mbele yako nashuka ngazi. Ni adabu."

Mpokezi alitazama povu la huku na povu la kule. Yeye hakuwa na ngazi ya kushukia. Chini yake ilikuwa sakafu. Akasimama.

"Maji yapo, Mheshimiwa. Bomba limepona tangu asubuhi. Ufunguo ule pale."

"Sasa wewe unangoja nini?" Waziri alimfokea Fundi. "Fungua!"

Fundi ni mtu wa utaratibu. "Sijasikia 'bila shaka', mzee."

"Bila shaka!" Shangazi akapiga kelele, kwa sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya kamba za nguo. "Bila shaka, bila shaka, na nyingine hii hapa, bila shaka!"

Fundi akafikiri, kisha akamsimamia Shangazi wima.

"Neno hilo ni la Mkurugenzi peke yake. Sawa, mkuu," akamwambia Shangazi, akatoka na ufunguo.

Punde mabomba yakakohoa, maji yakaja. Shangazi alikuwa ameshakimbilia nje. Waziri alisuuza mikono taratibu, kidole kwa kidole, na Mkurugenzi amesimama kando yake na taulo.

"Na mimi, Mheshimiwa?"

"Wewe ulisema yaweza kabisa kuwa ndiwe," Waziri akasema, akichukua taulo. "Tumechunguza. Siwe."

Kisha akamgeukia Mpokezi. "Mkurugenzi yuko wapi, nimuage?"

"Amekwenda kusuuza mashuka, Mheshimiwa."