Kamati ya Kurudisha Frigo Kazini

Batu bote ba soko ya Kabuta, pamoja na samaki wanaohusika, wanatangaziwa kwamba frigo ya biro, friji ile ya ofisi ya soko, yenye imepumzika miaka mingi, sasa inarudishwa kazini. Kamati imeundwa. Mwenyekiti ni Ba Nkonde.

Felistus, mama wa kuuza samaki, alifurahi kuliko bote. Samaki yake ilikuwa imeoza njiani mara mbili, na Evariste, mufanyabiashara wa Congo mwenye kuinunua, alimwambia wazi: ikioza tena, atatafuta mama mwingine. Felistus akaenda biro.

"Ba Nkonde, mota ya hii frigo ilikufa, lakini mlango wake unafunga muzuri. Tuilaze mugongo, tuweke barafu yenye lori inaleta, tuipakie mu bwato, ivuke ziwa. Si ndivyo tunafanya na frigo zote zenye kufa?"

"Awe, hapana, mama! Kulaza frigo ya biro? Ulishaona wapi mukubwa wa kazi analala mugongo mbele ya batu?"

Felistus alikuwa anaona kila siku, baada ya chakula cha muchana.

Kamati ikafanya kazi kwa sheria. Buibui akafukuzwa, sababu hakuwa na kibali cha kukaa. Mlango ukapakwa rangi. Fundi akafufua mota, akachomeka waya, frigo ikanguruma, Kamati ikapiga makofi. Ndani wakaweka nyama ya mbuzi ya mugeni wa heshima, mwenye atakuja kuizindua, mlango ukapigwa muhuri: hakuna mutu kufungua kabla yeye hajafika.

Magaribi umeme ukaondoka. Kesho yake haukurudi.

"Ba Nkonde, toeni ile nyama," Felistus akasema.

"Usijali, mama. Frigo ilishapewa maagizo ya kuendelea na baridi."

Mugeni alipofika, kwaya ya bamama ikaimba. Akahutubia juu ya baridi na maendeleo, akakata muhuri, akavuta mlango. Kwaya ikameza aleluya yake.

"Nani aliharibu hii nyama?" mugeni akauliza, leso puani.

"Frigo yenyewe, mukubwa," Ba Nkonde akajibu. "Ilikaidi."

Kikao kikafanyika palepale, wamesimama. Frigo ikaachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, ikatupwa inje ya lango bila pensheni.

Felistus akaiokota. Akaisugua na majivu na ndimu, akailaza mugongo, akaijaza barafu na samaki ya asubuhi. Evariste akaingiza mukono.

"Eh, mama! Inauma mpaka mifupa! Pakia, twende."

Bwato ilikuwa bado imekwama mu muchanga wakati Ba Nkonde alifika anakimbia, tai ya shingo imerukia begani.

"Mama Felistus, mwe, nihurumie. Mugeni hajala. Samaki tano tu."

"Iko ya Evariste sasa. Muulize."

"Nitakupa, shefu," Evariste akasema. "Sukuma kwanza."

Ba Nkonde akaingia mu ziwa na suti yake, maji mpaka kiuno, akasukuma. Kule kwenye baraza ya biro, mugeni wa heshima akaona, akadhani iko mu programu ya sherehe. Akasimama, akapiga makofi kwa nguvu.

Basi Kamati nzima ikavua viatu, ikaingia majini.