Magunia Ishirini na Matatu ya Pangoni

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa ukutani kwenye ofisi ya tarafa. Anatafutwa mwangalizi wa lile pango la milimani lenye michoro ya watu wa kale. Mtaalamu wa mambo ya kale atakuja Jumamosi kuchagua mtu. Nimelisoma mara tatu.

Nimekuwa mtunza bohari miaka thelathini na mmoja. Funguo kumi na saba kiunoni! Tangu nistaafu, miezi saba sasa, sina hata ufunguo wa kabati. Nyumbani nimepanga vijiko kwa ukubwa na kuvibandikia namba. Mke wangu amevichanganya kwa makusudi. Nataka kazi hii. Nataka kuamka na kuwa na mahali panaponingoja.

Nimemweleza mke wangu. Akauliza kama magoti nayo yameomba.

Habari mbaya: shemeji naye ameomba. Huyu ni kaka wa mke wangu, kinyozi, mtu asiye na breki mdomoni. Miaka mingi amekuwa akiwapandisha wageni pangoni na kuwajaza uongo. Hajawahi kuandika orodha ya kitu chochote maishani mwake.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanda kukagua. Ni mwendo wa saa mbili; nimetumia saa nne. Nilipumzika mara tisa, nane kati ya hizo kwa ajili ya kutazama mandhari.

Pango ni zuri. Nakiri. Wanyama wekundu wanakimbia ukutani, na kando yao kuna alama za viganja. Kimoja ni kidogo, labda cha mwanamke. Niliweka changu karibu nacho bila kugusa. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alitia saini. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Shemeji aliingia na wageni wanne. Akawaambia kwamba yule mnyama mkubwa ni fahali wa babu yake. Nikamsahihisha mbele ya watu: babu yake alifuga kuku. Wageni wakacheka. Shemeji akawaomba wanisamehe, akasema mimi ni mmoja wa waliochora. Wakacheka zaidi! Mama mmoja akaomba apigwe picha nami.

Hata hivyo, nimegundua udhaifu wake. Sakafu! Majivu, mifupa, vipande vya mawe, vumbi linalofika kwenye vifundo vya miguu. Miaka yote hiyo hajafagia! Mtaalamu asafiri kutoka mbali aje kukanyaga uchafu? Aibu. Nimepata njia.

Jumatano, 6 Machi

Nimepanda alfajiri na ufagio, koleo, kamba na magunia matupu niliyopewa na msagaji. Siri kubwa.

Sikufagia ovyo. Mimi si mhuni. Nimeigawa sakafu kwa kamba: safu nne, kila safu miraba sita. Jumla ishirini na minne, ila mmoja umekaliwa na jiwe kubwa. Kila mraba una gunia lake. Kila gunia lina karatasi yake: safu, mraba, kilichomo, tarehe, saini. Hata taka ina haki ya kuandikwa kabla ya kutupwa.

Nimemaliza magunia kumi na moja. Mgongo umegoma.

Alhamisi, 7 Machi

Ishirini na matatu! Yamepangwa nje ya pango, chini ya mwamba, kama askari kwenye gwaride. Sakafu inang'aa. Mtu anaweza kulia chakula pale.

Mke wangu alinisugua mgongo kwa dawa akauliza natoka wapi. Nikasema mazoezi. Akasema kama hayo ni mazoezi tu, siku ya mashindano aandae sanda.

Shemeji hajui lolote. Maskini. Karibu nimhurumie.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa!

Nilikwenda kunyolewa ili kesho nionekane mtu. Shemeji, wembe ukiwa juu ya mdomo wangu, akaanza kupiga soga. Akasema mtaalamu hafuati michoro tu. Anafuata sakafu. Majivu yale ni moto wa watu wa kale, mifupa ile ni mabaki ya chakula chao, naye huchimba polepole, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayefunua kurasa. Ndiyo maana yeye hajawahi kuingiza ufagio mle.

Niliruka kitini. Nikapanda mlima na nusu ya masharubu. Shemeji akanifuata mbio na wembe mkononi, akidhani nimepatwa na kichaa. Waliotukuta njiani walitupisha.

Alipoiona sakafu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniangalia usoni, akaacha kucheka. Akasema tumwage yote, tuchanganye, tusambaze. Nani atajua? Vumbi ni vumbi, shemeji!

Nilifungua gunia la kwanza. Nikalishika. Sikuweza. Miaka thelathini na mmoja sijachanganya misumari ya inchi mbili na ya inchi tatu, nichanganye leo? Nimelifunga tena. Kesho nitasema ukweli, na kazi itakwenda kwa kinyozi. Shemeji alinimalizia masharubu palepale mlangoni mwa pango. Hakusema neno. Kwake hilo ni jambo kubwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mtaalamu ni binti mwenye viatu vya matope. Kaniita babu. Nimestahimili.

Aliingia pangoni. Akatoka akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akakaa juu ya jiwe, akashika kichwa. Akasema nimeharibu tabaka la juu lote, tabaka la miaka elfu na kitu, na kwamba kuna watu waliofungwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Nikasema najua. Nikamwonyesha magunia.

Akasoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Akazisoma zote ishirini na tatu, akarudi ndani kupima miraba. Kila kitu kililingana. Akasema hajawahi kuona mahali palipoharibiwa kwa utaratibu namna hii. Sikujua kama nishukuru.

Akachekecha gunia la kumi na nne. Ndani mlikuwa na ushanga mmoja, mdogo kama punje ya mtama, uliochongwa kwa ganda la yai la mbuni. Akauweka kiganjani mwangu. Mtu aliutoboa kwa mkono, akauvaa, ukampotea. Nadhani aliutafuta sana.

Uamuzi: shemeji atatembeza wageni, ila fahali wa babu yake apumzike. Mimi nitatunza bohari ya vitu vya pangoni, chumba kidogo nyuma ya ofisi ya tarafa, chenye rafu na mlango wa chuma. Nimepewa ufunguo. Mmoja! Nimetia saini kwamba sitagusa kitu chochote pangoni bila ruhusa ya maandishi. Nilisoma kila mstari kabla ya kusaini, kama ipasavyo.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala vizuri kuliko wakati wowote tangu nistaafu. Mke wangu amenishonea mfuko wa ufunguo ndani ya koti. Akasema sasa vijiko vyake vitapumua.

Nimejifunza mengi wiki hii. Ya kale yaachwe yalivyo. Kila kipande kina maana. Mkono wa mtu wa leo usiingilie kazi ya mtu wa jana. Nimeyaandika haya kwa wino na kuyapigia mstari.

Ila yule mnyama mkubwa ukutani mkia wake umefutika, na wageni wanaanza kuja Jumatano. Nimenunua rangi nyekundu. Kopo dogo. Mkia tu.